Mke wangu anaitaka siti ya nyuma, nami nataka kwenda peke yangu

Mpendwa Mshauri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wa safu hii. Mimi ni mwanamume wa miaka 52, mhasibu, ninaishi Arusha na mke wangu ambaye ni mwalimu wa sekondari. Watoto wetu wamekwisha kuondoka nyumbani, na wa mwisho amemaliza chuo. Ndoa yetu haina ugomvi. Ninachokuandikia kitaonekana kwa wengi kuwa ni shida ya mtu aliyeshiba, na huenda ni kweli, lakini kinaninyima usingizi.

Nimenunua pikipiki kubwa ya safari, BMW R 1250 GS, mpya kabisa, ya toleo la mwisho kabla R 1300 GS haijatangazwa mwaka 2023. Fedha yake niliidunduliza kwa muda mrefu, na mke wangu alijua ipo na alijua ni ya nini, ingawa alikuwa akitumaini kwamba siku moja nitabadili mawazo. Nimeendesha pikipiki ndogo tangu ujana, kwa hiyo sikuwa mgeni wa klachi na gia, ila hii ina tabia zake. Tangi likijaa ina uzito wa kilo 249, na uzito huo huusikii ukiwa barabarani. Unausikia unapotaka kuigeuza uani, au unapoiegesha ikiwa imetazama mteremko, ukaja kugundua kwamba haina gia ya kurudi nyuma na kwamba mwenye kuirudisha ni wewe na mgongo wako. Ardhi ikiwa laini, stendi ya pembeni huzama taratibu, kwa hiyo siku hizi ninatembea na kipande cha ubao cha kuiwekea chini. Ukivuta mafuta kidogo ikiwa imesimama, mwili wake wote hujitikisa kwenda upande, kwa sababu silinda zake mbili zimelala, moja kushoto na nyingine kulia, na mhimili wa injini unazunguka kwa kufuata urefu wa chombo. Ni mpangilio ambao watengenezaji wake wameushikilia tangu pikipiki yao ya R 32 ya mwaka 1923. Oili nayo haipimwi kwa kijiti. Unaisimamisha kwenye stendi ya katikati injini ikiwa na joto, unapiga magoti na kuchungulia kidirisha cha kioo kilichopo ubavuni. Mke wangu aliponiona hivyo mara ya kwanza aliuliza ninamwomba nani.

Kwenye vituo vya mafuta sijui siku itakayopita bila maswali. Vijana wa bodaboda huizunguka, mmoja huinama na kuuliza cheni iko wapi, nami huwaonyesha kwamba nguvu inakwenda kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofichwa ndani ya mkono wa chuma. Kisha huja swali la bei, ambalo nimejifunza kulijibu kwa kucheka. Hata askari wa usalama barabarani wamewahi kunisimamisha, wakakagua leseni haraka, halafu wakaniomba nivute mafuta waisikie.

Furaha yenyewe, hata hivyo, haiko hapo. Huwa ninaondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, siku nyingine kuelekea Longido kwa njia ya Namanga, siku nyingine kupita Kisongo kuelekea Makuyuni. Ukishaiacha Kisongo, nyumba zinapungua, hewa inakuwa baridi, na barabara inanyooka mbele yako hadi unaona magari yanayokuja yakiwa bado mbali sana. Simu iko mfukoni, imezimwa sauti. Kwa miaka yote ya kazi nimekuwa mtu wa kujibu: mkurugenzi anauliza, wakaguzi wanauliza, watoto wanauliza ada, ndugu wanauliza mchango. Ndani ya kofia ile hakuna anayeniuliza kitu. Ninarudi nyumbani mchana nikiwa mtu mwema zaidi, na si mimi ninayesema hivyo, ni mke wangu.

Sasa shida. Mwanzoni mke wangu alikataa hata kuigusa. Halafu Jumapili moja aliniomba nimzungushe hadi Usa River. Hakusema neno njiani, lakini alipovua kofia alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu. Tangu hapo amejinunulia kofia ngumu inayomkaa sawasawa na koti lenye kinga za viwiko na mabega, na ametangaza kwamba Desemba tutakwenda kwa wazazi wake Tukuyu kwa pikipiki, kupitia Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa na Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Mama mkwe amekwisha kuambiwa.

Nimetafuta sababu za kuizuia. Nilisema siti ya nyuma haifai kwa safari ndefu, akajibu kwamba yeye ndiye aliyeikalia, si mimi. Nilisema masanduku ya pembeni hayatoshi, akanionyesha kitandani nguo zake zote zikiwa zimekunjwa katika mfuko mmoja mdogo. Nilisema kwamba pikipiki yenye abiria haisimami kama ile yenye mtu mmoja, na hilo ni kweli kabisa, maana siku ya Usa River niliona jinsi nyuma ilivyolala na usukani ulivyokuwa mwepesi, na nilipofunga breki kwenye tuta kofia yake iligonga ya kwangu. Akasema basi nimfundishe namna ya kukaa.

Ukweli, Mshauri, ni kwamba sitaki aje. Ninampenda mke wangu, lakini saa zile ni zangu, na nikimweka nyuma hazitakuwa zangu tena. Nikimwambia hivyo atasikia kwamba nimemchoka. Nisipomwambia, Desemba inakuja. Je, huu ni ubinafsi? Nifanye nini?

Mpanda Pikipiki, Arusha

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu,

Ahsante kwa barua yako, ambayo nimeisoma kwa raha hata nikasahau kwa muda kwamba ni barua ya malalamiko. Umeniomba radhi mapema kwamba hii ni shida ya mtu aliyeshiba. Ninaopata barua zao hapa wengi wao ni watu wa umri wako, watoto wametoka, deni la nyumba limekwisha, na ndipo mume na mke wanapoanza kuulizana upya ni saa zipi za pamoja na ni zipi za kila mmoja. Kwako wewe swali hilo limekuja kwa magurudumu mawili. Kwa mwingine lilikuja kwa shamba, na kwa bibi mmoja aliyewahi kuniandikia lilikuja kwa kwaya.

Kama nimekuelewa, una furaha uliyoipata ukubwani, ambayo sehemu yake kubwa ni upweke, na mtu unayempenda ameipenda furaha hiyo kiasi cha kutaka kuingia ndani yake. Akiingia, unaona itakwisha. Ukimzuia, unaona utamjeruhi. Kwa hiyo umekuwa ukimpa sababu za kifundi, naye anazitatua kwa bidii, na kila anapotatua moja unazidi kubanwa.

Nianze na jambo ambalo huenda hukulitazama kwa upande huu. Umeandika kana kwamba mke wako ameomba asubuhi zako. Nimeirudia barua yako na sikuona mahali alipoomba kwenda nawe Longido. Ameomba safari moja, yenye mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, na mwisho wake ni mlangoni kwa mama yake. Inawezekana kabisa kwamba baada ya Tukuyu ataomba na asubuhi, na hofu yako si ya bure. Lakini kwa sasa wewe unailinda Makuyuni wakati yeye anazungumzia Tukuyu, na huenda hizo ni safari mbili ambazo hazigombei kitu kimoja. Je, umewahi kumuuliza?

La pili ni kuhusu ile aya yako ya breki. Umesema sababu zako ni visingizio, halafu ukaeleza kwa makini mno nyuma ilivyolala na usukani ulivyokuwa mwepesi mikononi mwako. Mtu anayetafuta kisingizio tu hakumbuki mambo kwa namna hiyo. Ninajiuliza kama kuna woga hapo, woga wa halali, wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa na maisha ya mwingine mgongoni kwake, na kama si rahisi zaidi kwako kujiita mbinafsi kuliko kujiita mwoga. Huenda nimekosea. Hata hivyo ningependa ulitenge hilo na lile la upweke, kwa sababu yana dawa tofauti.

La woga lina mafunzo yanayojulikana. Kitabu cha pikipiki yako kinaruhusu uzito wa jumla usiozidi kilo 465, maana yake wewe, mke wako, masanduku na vilivyomo, kofia na makoti, vyote vikae ndani ya kilo 216. Piga hesabu hiyo kwa mizani, si kwa kukisia. Wewe ni mhasibu. Springi ya nyuma hukazwa kabla abiria hajapanda, na kama toleo lako si lile linalojirekebisha kwa umeme, lina gurudumu dogo la mkono kwa kazi hiyo, ambalo wamiliki wengi hawaligusi tangu siku waliyoinunua. Upepo wa tairi hupimwa tairi zikiwa baridi, na hupimwa tena kila asubuhi ya safari. Abiria naye ana kazi: aweke miguu yote miwili kwenye vikanyagio hata mnaposimama, alale na pikipiki kwenye kona badala ya kujivuta upande wa pili, na asipande wala kushuka mpaka wewe umesema ndiyo. Kofia zenu ziligongana kwa sababu hakujua breki inakuja, na wewe ulifunga kama ulivyozoea kufunga ukiwa peke yako. Ni lazima umwachie nafasi gari la mbele zaidi ya ulivyozoea, na uanze kupunguza mwendo mapema. Pia iulize kampuni ya bima yako, kwa maandishi, kama abiria wako amekingwa na kwa kiasi gani, kwa kuwa watu wengi huja kulifahamu hilo wakati hakuna cha kufanya.

Mimi mwenyewe nimewahi kukaa siti hiyo ya nyuma, kwenye chombo kidogo kuliko chako, na naomba nikueleze kidogo inavyokuwa, kwa kuwa mwendeshaji hapaoni. Mbele yako kuna kofia ya mtu. Huna breki, huna usukani, na tuta unaliona likiwa limekwisha kufika. Mtu anayekaa hapo kwa hiari yake kwa kilomita 1,000 hatafuti mandhari peke yake, maana kwa mandhari basi lina dirisha kubwa zaidi. Sijui mke wako anatafuta nini. Nadhani hata wewe hujui, na katika barua nzima umeniambia alivyovaa, alivyofunga nguo na alivyomwambia mama yake, lakini si kwa nini.

Tuje kwenye upweke wenyewe. Hapana, sioni kosa katika mtu wa miaka 52 kutaka saa chache ambazo haulizwi kitu, na kama mke wako mwenyewe anasema unarudi ukiwa mwema zaidi, basi naye ana faida katika saa hizo. Hilo ni jambo unaloweza kulianzia mazungumzo. Waume wengi wakitaka kusema ukweli wa aina hii huanza na kile wasichokitaka: “sitaki uje.” Mwenzake hasikii lolote baada ya hapo. Unaweza kuanza na unachopata kule Longido, kama ulivyonieleza mimi, mkurugenzi na wakaguzi na ada na michango, kisha umwambie kwamba unaogopa kukipoteza. Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Anaweza kuumia. Anaweza kuuliza kama naye yumo katika orodha ya wanaokuuliza maswali, na utahitaji kuwa na jibu la kweli, kwa sababu pengine yumo. Usianze mazungumzo hayo usiku mmoja kabla ya safari, wala mbele ya watoto, wala ukiwa umeshika ufunguo mkononi.

Njia nyingine ni kujaribu safari fupi kabla ya kuamua juu ya ndefu. Kutoka kwako hadi Mombo ni barabara nzuri inayopita Moshi na Same, na kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona tupu, ambazo ninasikia waendesha pikipiki huzifuata kutoka mbali. Lala huko usiku mmoja. Mtajua mgongo wake unasemaje, na wewe utajua kama nafsi yako kweli inabanwa akiwepo, au ilikuwa ikibanwa na wazo tu. Wapo wanaogundua kwamba kimya cha watu wawili juu ya pikipiki ni kimya kweli, mradi hawakufunga vile vifaa vya kuzungumzia ndani ya kofia, au wamevifunga wakakubaliana kuvizima. Hatari ya njia hii ni kwamba safari ikiwa tamu hutakuwa na pa kujificha, na ikiwa mbaya kwa sababu ya mvua au siti, utashawishika kuitumia kama ushahidi wa jambo ambalo halihusiani nayo.

Ipo pia njia ya kugawana. Mke wako aende Mbeya kwa basi, au kwa ndege hadi uwanja wa Songwe, nawe uende na pikipiki peke yako. Kisha kutoka Mbeya hadi Tukuyu, mwendo wa kilomita 70 hivi kupitia milima ya Uporoto, mpande pamoja na mfike kwao pamoja. Hapo kila mmoja anapata kitu. Lakini pima atakavyoisikia: anaweza kuiona kuwa ni heshima kwa safari zenu zote mbili, au anaweza kujiona ni mzigo uliotangulizwa. Inategemea nani ameitoa hoja hiyo na lini. Ikitoka kwako kama sababu ya nne, itaanguka. Ikitoka kwake baada ya kusikia ukweli wako, inaweza kuwa mpango mzuri.

Msomaji mwingine angekushauri umfundishe kuendesha, awe na pikipiki yake ndogo, muende mkiwa wawili kila mtu na usukani wake. Sikatai, ila yeye hajaomba hilo, na kumpa mtu kitu ambacho hakukiomba ili asiombe alichokitaka ni njia ya mzunguko mrefu.

Kuendelea na sababu za kifundi ni njia pia, na inaweza hata kufanikiwa mwaka huu. Kinachonitia wasiwasi ni hiki. Juu ya pikipiki, mtu wa nyuma anamtegemea wa mbele aseme kweli kuhusu hatari. Itafika siku utakapomwambia, “Leo hatuondoki, mvua imezidi,” au “Tulale hapa, nimechoka,” na siku hiyo ni lazima aamini mara moja bila kubishana. Kila unapotumia usalama kufunika jambo lingine, unapunguza uzito wa neno lako la usalama. Ameshatatua sababu zako tatu. Amekwisha kujifunza kwamba ukisema haiwezekani, inawezekana.

Nalisema hili kwa sababu ipo sababu moja ya kweli ambayo hukuitaja. Desemba ni mwezi wa mvua katika nyanda za juu kusini, na Rungwe, iliko Tukuyu, ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi zaidi nchini. Kuanzia Iringa mtakuwa kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, pamoja na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo, ambayo kila moja likiwapita hutupa ukuta wa maji na upepo, na baada ya Mbeya kuna ukungu. Juni hadi Agosti kule ni baridi kali lakini ni kukavu, na nyinyi wawili mngekuwa na nusu mwaka wa kujifunza kupanda pamoja. Kama mimi ningekuwa na neno katika safari hiyo, ningeuliza kuhusu mwezi kabla ya kuuliza kuhusu siti.

Ila ukimwambia habari ya mvua kesho asubuhi, kabla hujamwambia habari ya Longido, ataihesabu kuwa ni ya nne, na siku inayofuata atakuwa amenunua koti la mvua. Kwa hiyo fikiria utaanza na lipi. Na kabla ya kuanza na lolote, muulize kwa nini anataka kwenda kwa mama yake kwa pikipiki, kisha umwache amalize kujibu. Akikubali, niandikie tena unieleze alichosema. Wasomaji nao watataka kujua, na mimi zaidi yao.

Mshauri wako